Kabla ya vita, nani aliulizwa?

Wasee, piga picha hii. Ni usiku wa Aprili 2, 1917, jijini Washington. Rais Woodrow Wilson anasimama mbele ya Bunge la Marekani na kuliomba litangaze vita dhidi ya Ujerumani. Na huyu ndiye aliyechaguliwa tena miezi mitano tu kabla, kampeni yake ikijisifu kwamba ameiepusha nchi na vita!

Nini kilibadilika? Nyambizi. Februari hiyo Ujerumani ilianza tena kuzamisha meli bila kuchagua, hata za nchi ambazo hazikuwa vitani. Wilson akasema Marekani haitafuti ardhi wala mali, inataka dunia iwe mahali salama kwa demokrasia. Alipigiwa makofi si kidogo.

Hotuba tamu, sikatai. Lakini kuna mahali watu hupita mbio: aliomba pia jeshi liongezewe watu wasiopungua 500,000, tena kwa sheria ya lazima. Mei sheria ikapita, na wanaume wa miaka 21 hadi 30 wakaanza kuandikishwa. Yaani rika letu. Hao hawakuulizwa, waliitwa tu.

Hata hivyo, angalau Wilson aliomba, kwa sababu katiba yao ilimlazimu. Seneti ikapiga kura 82 kwa 6, Baraza la Wawakilishi 373 kwa 50. Kati ya hao 50 alikuwemo Jeannette Rankin, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika bunge hilo, aliyeapishwa siku ile ile ya hotuba. Alikataa vita hadharani, na jina lake liko kwenye rekodi mpaka leo.

Halafu Julai mwaka huo huo, maelfu ya Wamarekani weusi wakaandamana New York, kimya kabisa, kupinga mauaji ya watu wao. Bango moja lilimuuliza Rais mbona asianze kwa kuifanya Marekani yenyewe iwe salama kwa demokrasia. Swali kali, bana.

Sasa tuje nyumbani. Ukishuka matatu pale Kariokor, Nairobi, jina unalotamka linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hivyo hivyo. Mwaka huo huo wa 1917, wakati wabunge wa Marekani walikuwa wanahesabiwa kura, huku kwetu wanaume walikuwa wanakusanywa kwa nguvu wabebe risasi na chakula cha jeshi. Maelfu kwa maelfu hawakurudi, wengi wakimalizwa na magonjwa na njaa. Nani aliwahutubia? Mbunge gani aliwapigia kura? Hakuna.

Ndiyo maana kifungu cha 132 cha Katiba yetu ya 2010 si maneno matupu kwangu. Kinasema Rais anaweza kutangaza vita, ila kwa idhini ya Bunge. Babu zetu hawakuwa na hata sentensi hiyo moja.

Kwa hivyo ukiambiwa kura ya mbunge haikuhusu, kumbuka Kariokor. Siku Rais akisimama kuomba vita, mzee uliyempeleka bungeni ndiye atajibu, na wewe ndiye utatumwa. Je, unamjua hata jina?