Historia Ndani ya Chungu cha Pilau

Ewe msomaji, ukikaribishwa pilau, usianze kula upesi; nusa kwanza, kwani harufu ile ni somo la historia. Asili ya mdalasini ni Sri Lanka. Iliki na pilipili manga ni mimea ya milima ya kusini mwa Bara Hindi. Na karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia. Vingi vya viungo hivi vilifika pwani yetu kwa majahazi yaliyoletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi.

Karafuu ndiyo yenye habari nzito. Katika karne ya 19 Sayyid Said alihimiza kilimo chake, hata Unguja na Pemba zikasifika duniani. Lakini mikono iliyopanda na kuchuma ilikuwa ya watumwa walionyakuliwa bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na sheria ikaacha kuutambua utumwa mwaka 1897.

Basi upikapo nyumbani, kaanga viungo bila mafuta juu ya moto mdogo, uvitwange, uvitie katika chupa yenye kifuniko. Bizari nyembamba iwe nyingi na karafuu chache, kwa maana karafuu ikizidi humeza ladha ya vingine. Hata maharagwe ya kila siku yatanoga. Nawe unapoonja utamu huo, wakumbuke wale waliochuma karafuu wasionje uhuru.