WATU WA USIKU NA SAA YA MAJI

Mwenye maandishi haya mkononi afuatishe maneno kwa kidole, na asiyeyaona vizuri asogee karibu na mwenziwe.

Leo tutazungumza habari za usingizi. Huenda mmoja wenu akauliza, "Je, usingizi nao una historia?" Naam, unayo. Saa ya kulala na saa ya kuamka hazikuwa zile zile kwa watu wote, wala kwa zama zote. Tangu kale wako watu ambao macho yao huchangamka giza likiingia, na asubuhi huamka kwa shida. Watu hao huitwa wavivu. Mwisho wa somo utaamua mwenyewe kama jina hilo ni haki yao.

Tuanze Nyamisati, katika Wilaya ya Kibiti, upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji, mahali watu wapandapo chombo kwenda Kilindoni, Mafia. Hapo saa kubwa kuliko zote si ile ya ukutani. Saa kubwa ni maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, lakini kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Maji yakijaa leo saa 4 usiku, kesho yatajaa karibu na saa 5, na keshokutwa karibu na saa 6. Basi mvuvi afuataye maji atawezaje kulala saa ile ile kila siku?

Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilikatwa katika delta hii, zikapakiwa majahazini na kupelekwa Uarabuni na Ghuba ya Uajemi kujengea nyumba. Mkata boriti naye aliyatazama maji kwanza. Hata vita vilipofika, maji ndiyo yaliyoamua. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, iliyoitwa Königsberg, ilijificha humu. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu milango ya mto ina maji machache. Ilibidi Waingereza walete meli mbili zilizoundwa kwa maji machache, Severn na Mersey. Waliishambulia tarehe 6 Julai 1915, wakarudi tarehe 11 Julai, na siku hiyo ikaangamia.

Mashambani nako watu walikesha. Mkulima wa mpunga wa Rufiji alijenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti. Mchana alifukuza ndege. Usiku alimwinga nguruwe na kiboko. Aliyelala fofofo usiku kucha aliamka akakuta shamba limeliwa. Mtu wa usiku, basi, ndiye aliyeokoa chakula cha nyumba nzima.

Tazama pia lugha yetu. Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili siku huanza jua linapotua. Na usiku una majina mengi: magharibi, isha, usiku wa manane, majogoo, alfajiri. Watu hawakipi jina kitu wasichokijua. Waliyataja mafungu hayo kwa sababu daima alikuwako mtu macho.

Sasa tuwatazame majirani zetu Wahadza, wakaao karibu na Ziwa Eyasi. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza habari za watu wazima 33 wa kabila hilo, ambao usingizi wao ulipimwa kwa siku 20. Katika muda huo wote, dakika walizolala wote kwa pamoja zilikuwa 18 tu! Wazee walilala mapema na kuamka mapema, na vijana walichelewa. Hakuna aliyewapangia zamu, lakini kambi ilikuwa na mlinzi karibu kila wakati. Wataalamu hao wakaona kwamba huenda tofauti hiyo ya usingizi iliwalinda wanadamu tangu enzi za mababu.

Huko Ulaya nako, mwanahistoria Mmarekani Roger Ekirch alionyesha mwaka 2001 kwamba watu wengi wa zamani walilala mara mbili katika usiku mmoja. Walilala, wakaamka kwa muda wakazungumza au kufanya kazi ndogo, kisha wakalala tena. Baadaye zikaja taa, viwanda na saa za kazi, na desturi hiyo ikapotea.

Je, ndani ya mwili kuna nini? Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliweka gizani mmea wa jamii ya kifauongo. Majani yakaendelea kufunguka na kufunga kwa wakati wake, ijapokuwa hayakuona jua. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa ya ndani ya viumbe inavyofanya kazi. Kila mtu anayo. Ya mwingine iko mbele kidogo, ya mwingine iko nyuma.

Saa hiyo hurekebishwa na mwanga. Basi wewe ufanyaye kazi usiku, shika mambo haya. Kwanza, hesabu usingizi wako wote wa usiku na mchana. Mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi, hata akizigawa mara mbili. Pili, ukirudi alfajiri lala penye giza na utulivu, na ukiamka toka nje upate mwanga. Tatu, sogeza saa yako kidogo kidogo. Watu wengi huona ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi, na maji nayo huchelewa kila siku. Kwa hiyo unaweza kuyafuata. Siku ngumu ni zile ambazo maji ya usiku yamesogea mpaka asubuhi, nawe warudia maji ya jioni. Siku hizo pumzika zaidi, wala usishike usukani na usingizi machoni, kwani bahari haina huruma.

Nawe ulalaye mapema, ukimkuta jirani amelala saa 3 asubuhi, usimwite mvivu kabla hujauliza alikuwa wapi saa 9 usiku.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mkulima wa mpunga alijenga dungu?
2. Nyumbani kwenu nani huchelewa kulala, na nani huamka kwanza? Tofauti hiyo inawasaidiaje?
3. Darasa likiwa saa ile ile kila siku, ni nani watalikosa maji yakibadilika? Pangeni pamoja saa zitakazowafaa nao.

Kwaherini mpaka somo lijalo.