Mshale Usiorudi Sifuri

Mita ya umeme iliyovunjika wazi wazi haimdanganyi mtu. Ya kuogopwa ni ile ambayo mshale wake umenasa penye sifuri: fundi huitazama, hudhani waya hauna umeme, huushika, naye aweza kufa.

Asili ya mshale huo ni ya zamani. Mwaka wa 1820, huko Copenhagen, mwalimu Hans Christian Ørsted aliona kwamba waya upitao umeme wageuza mshale wa dira iliyo karibu. Hata mwaka wa 1882 Wafaransa wawili, d'Arsonval na Deprez, wakaipindua kazi hiyo: sumaku ikatulia, na waya mwembamba uliozungushwa ukawa ndio ugeukao. Naye Edward Weston, Mwingereza aliyehamia Marekani, alianzisha kiwanda chake cha mita mwaka wa 1888. Kisha mwaka wa 1923 Uingereza ilitoa Avometa, wazo la Donald Macadie wa Posta, aliyechoka kuchukua vyombo vingi. Chombo kimoja kikapima amperi, volti na omu. Avometa ya namba 8 iliendelea kutengenezwa hata mwaka wa 2008, na kwa hiyo nyingi zingali mikononi mwa mafundi.

Basi ugonjwa wake ni nini? Kati ya sumaku na waya ule mna nafasi nyembamba mno, na sumaku, kwa tabia yake, huvuta kila chembe ya chuma. Unga kidogo wa tupa ukiingia humo, mshale hunasa. Kwa hiyo tusiifungue mita juu ya meza iliyokerezwa chuma. Tutandike karatasi nyeupe, tushike kibano cha shaba, na chembe tuzitoe kwa kipande cha utepe wenye gundi. Sumaku isibanduliwe ovyo, maana nguvu zake hupungua, na tangu siku hiyo mita hudanganya. Hapa fundi wa saa hukosea kwa wema wake: hutia mafuta. Ncha za mhimili wa mita huzunguka kavu ndani ya vito vyake. Mafuta hukusanya vumbi tu.

Lakini kabla ya kufungua lo lote, tuangalie kioo. Kikiwa cha plastiki na kimesuguliwa kwa kitambaa kikavu, hushika umeme wake chenyewe na kuuvuta mshale. Kipanguswe nje kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, na mara nyingi mshale hushuka hata sifuri, wala hapakuwa na kitu cha kutengeneza.