Ruzuku: Safari ya Neno na ya Fedha za Matibabu Tanganyika

Neno "ruzuku" lilitumika kama kitenzi kabla ya kuzoeleka kuwa jina. Asili yake ni Kiarabu, pamoja na ndugu yake "riziki", na katika matumizi ya zamani ya pwani mwenye kuruzuku alikuwa Mwenyezi Mungu, ambaye mojawapo ya majina yake ni Razaki. Kamusi iliyotolewa mwaka 1939 na Kamati ya Lugha, chini ya uongozi wa marehemu Frederick Johnson, bado iliiweka maana yake karibu na riziki. Leo mtu akisema ruzuku, asikiaye hufikiri kwanza fedha za Serikali zinazopewa halmashauri, shule au hospitali. Mabadiliko hayo ni zaidi ya mabadiliko ya sarufi. Anachoruzuku Mungu hakijaziwi fomu. Fedha ya Serikali hutafutwa, na mwenye kuitafuta hupimwa. Na katika matibabu ya Tanganyika kipimo hicho mara nyingi kiliamua ni wagonjwa gani watakaofikiwa na dawa.

Misheni zilikuwa zikitibu watu kabla bendera ya Kiingereza haijapandishwa. Waanglikana wa UMCA walikuwa Magila na Masasi tangu karne ya 19, na fedha zao zilitoka katika sadaka za waumini wa Ulaya. Serikali ya Waingereza ilipoanza kuzisaidia misheni katika miaka ya 1920, hasa kwa ajili ya wazazi na watoto wachanga, sababu mojawapo ilikuwa ya uchumi: daktari wa misheni aliridhika na posho ndogo, na nyumba yake ilikwisha kujengwa. Wamisheni nao hawakuwa wageni katika mambo hayo, kwa kuwa walikuwa wameyazoea masharti ya fedha za Serikali katika shule zao, hasa baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1927.

Sharti kubwa lilikuwa cheti. Msaada ulimfuata daktari au muuguzi aliyetambuliwa na Serikali, wala si mgonjwa, wala si umbali wa kijiji. Mwafrika aliyejifunza kazi kwa kuitenda, akafunga vidonda na kugawa dawa mahali pasipofikika masika, hakuiletea misheni yake haki sawa na ya mwenye cheti. Wenzake walioajiriwa na Serikali za Wenyeji walilipwa kutoka hazina za wenyeji, yaani kwa sehemu ya kodi ya wakulima wale wale waliokuja kutibiwa. Sheria za maendeleo na ustawi wa makoloni zilizopitishwa London mwaka 1940 na 1945 ziliongeza fedha: ya kwanza iliahidi pauni milioni 5 kwa mwaka, ya pili pauni milioni 120 kwa miaka kumi, kwa makoloni yote pamoja. Lakini hazikuliondoa swali la nani anayestahili kuhesabiwa.

Hapa yafaa kumtazama mtu mmoja aliyezijua pande zote mbili za meza. Leader Stirling, daktari mpasuaji wa Kiingereza, alifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935 kwa kazi ya UMCA, akapasua wagonjwa Lulindi katika majengo ya udongo na nyasi. Alianza pia kuwafundisha vijana wa huko uuguzi. Kwa mtazamo wa kawaida hiyo ni habari ya elimu. Ikitazamwa kwa upande wa hazina, ni habari ya cheti, kwa maana mafunzo yasiyotambuliwa yaliweza kuponya watu lakini hayakuweza kudai fedha. Stirling baadaye alihamia hospitali ya Wabenediktini Mnero, akawa mbunge, na mwaka 1975 akateuliwa kuwa Waziri wa Afya. Mwombaji akawa mtoaji. Katika wakati wake, mwaka 1977, ilitungwa sheria iliyozuia matibabu ya biashara, huku mashirika ya dini yakiachwa yaendelee kwa kuwa hayakutafuta faida.

Wakati huo kipimo kilikuwa kimeongezeka. Pamoja na watumishi, hospitali za mashirika zilipewa fedha kwa hesabu ya vitanda. Mgonjwa aliyelazwa mkekani, kati ya vitanda viwili, hakuwamo katika hesabu hiyo, ingawa uji na dawa alivihitaji sawasawa na wenzake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limezidisha hamu ya kuwa na hospitali katika kila wilaya, na mahali ambapo Serikali haikuwa nayo, ile ya kanisa ilifanywa kuwa ya wilaya kwa mapatano: kanisa libaki na mali yake, Serikali ilipe mishahara na gharama za uendeshaji. Hospitali hizo ziliitwa "teule". Neno hilo wasomaji wa Biblia walilizoea katika habari za taifa teule. Sasa mwenye kuteua alikuwa Serikali, na mteuliwa alikuwa kanisa lenyewe. Muheza sifa hiyo iligeuka kuwa jina, hata watu wakasema wanakwenda Teule bila kukumbuka nani aliyeteua.

Mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Ndipo lilipopata kazi neno la tatu. Katika Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga kuanzia mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001, Serikali iliahidi kuongeza juu ya michango ya kaya kiasi kilicho sawa nayo, na mpango huo ukaitwa "tele kwa tele". Jina ni tamu, lakini hesabu yake ni kali. Waliokusanya tele waliongezewa tele. Halmashauri ya watu maskini, iliyokusanya haba, iliongezewa haba. Tena nyongeza haikuja yenyewe. Ilipasa kuonyesha vitabu vya michango na kuandika maombi, na halmashauri nyingi zilichelewa kuomba au hazikuomba kabisa, fedha zikabaki juu ilhali zahanati zao hazina dawa.

Mfuko wa Pamoja wa wahisani, ulioanza mwaka 1999, nao ulidai mpango ulioandikwa. Mpango huo una jina zuri la Kiswahili, Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Kamati ya zahanati hujadili mahitaji yake kwa Kiswahili: paa linalovuja, friji ya chanjo, mkunga aliyehama. Kisha mahitaji hayo hupelekwa wilayani, na huko huandikwa kwa Kiingereza.