Daftari au kaye?

Mtoto wa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, aliyeanzia shule Kongo huomba kaye. Aliyeanzia Tanzania huomba daftari. Wote wawili hupewa kitu kile kile, karatasi zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini mbili. Dukani katika mji wa Mbarara litaongezeka la tatu, ekitabo la Kinyankole. Wapo wanaosema daftari ndilo Kiswahili safi na kaye ni Kifaransa kilichopotea njia. Sikubaliani nao. Daftari nalo ni mgeni: tulipewa na Waarabu, nao walilipokea kwa njia ya Uajemi, na asili yake ni diphthera ya Kigiriki, yaani ngozi iliyotengenezwa. Ctesias, tabibu Mgiriki wa mfalme wa Uajemi, alidai kutumia “ngozi za kifalme” zilizohifadhi habari za kale. Ngozi ikaisha, jina likabaki.

Mtu atasema daftari limekwisha kuzoeleka, kaye bado. Kuzoeleka wapi? Kwa wasemaji wa Kongo kaye ndilo la kila siku. Tena lina nasaba ya wanakili: linatokana na Kilatini cha “nne nne”, karatasi nne zilizokunjwa pamoja zikatoa kurasa 16. Wanakili wa Uajemi nao walipenda fungu hilo la nne, ilhali Waarabu wa mashariki wengi walikunja tano. Mwalimu ana haki ya kudai neno moja kwenye mtihani, lakini asilitetee kwa usafi. Hata ukurasa tuliuchonga wenyewe: kurrasa ya Kiarabu ni fungu zima la karatasi, sisi tukaisikia kama wingi.