Mlango Usio na Chekeche

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowachukua marais wawili, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi, iliondoka Dar es Salaam, ambako viongozi wa nchi jirani walikuwa wamekutana kuzungumza habari za amani, nayo haikuwahi kutua Kigali, kwa kuwa ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia uwanja. Na kabla hakujapambazuka, mauaji ya Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji hayo, yalikwisha anza. Majuma matatu baadaye, tarehe 28 Aprili, umma wa watu, wengi wao Wahutu, waliokuwa wakiyakimbia majeshi ya RPF, waasi waliopigana na serikali ya Rwanda, ulifika Rusumo, pale Mto Kagera unapoporomoka kwa kishindo baina ya Rwanda na Tanzania, ukaanza kuvuka daraja. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria kwamba watu 250,000 waliingia Ngara kwa muda wa siku moja. Wako walioitilia shaka hesabu hiyo, lakini hata ukiitoa robo yake, bado ni mji mkubwa uliohama kwa miguu. Juu ya daraja walipita walio hai, na magodoro yao na masufuria na watoto mgongoni. Chini ya daraja, katika maji, zilipita maiti za waliouawa, zikichukuliwa na mto hadi Ziwa Viktoria, ambako watu wa pwani ya Uganda walizikuta na kuzizika kwa maelfu.

Hapo, baina ya juu ya daraja na chini yake, ndipo ilipozaliwa ikhtilafu nitakayoisimulia. Wengi wa wavukaji walikuwa wanawake, watoto na wakulima wasio na hatia. Lakini katika msafara uleule walikuwamo, na pengine mbele wakiuongoza, watu ambao mikono yao ndiyo iliyozitia mtoni maiti zile. Askari wachache wa Tanzania waliokuwa zamu mpakani waliwaamuru wavukaji waziache silaha zao, na kando ya njia yakarundikana mapanga, marungu na mikuki. Chekeche la kwanza, basi, lilichuja vyuma; watu halikuwachuja. Nami siwalaumu askari wale, kwani lau kila mtu katika 200,000 tu angehojiwa kwa robo saa, na mpakani pangekuwapo maofisa kumi wasiolala usiku wala mchana, zingepita zaidi ya siku 200 kabla ya mtu wa mwisho kuuliza atalala wapi. Hata ulimi usingesaidia kitu: Wahangaza, ndio wenyeji wa Ngara, husema lugha inayosikilizana na Kirundi na Kinyarwanda, na ukoo na mahari vilikuwa vikivuka mto huo zamani, kabla Mjerumani hajachora ramani yake.

Nchi hii haikuwa ngeni katika kupokea wageni. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliwaleta Tengeru, karibu na Arusha, Wapolandi wapatao 5,000 waliotoka katika uhamisho wa Urusi kwa njia ya Iran, na makaburi ya waliofia huko yangaliko hata leo. Ila katika shauri lile mwenyeji hakuombwa rai, na kwa hiyo hakuwa na la kubishania. Walifuata Watutsi wa Rwanda tangu mwaka 1959, kisha watu wa Msumbiji walioikimbia vita ya Mreno, kisha Warundi wa mwaka 1972, ambao kwa ajili yao makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalifyekwa katika mapori ya Tabora na Mpanda. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuitumia, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, methali ya wazee isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu umpe jembe. Na serikali yake iliishika methali hiyo kwa maana yake ya wazi kabisa, ikawapa wakimbizi ardhi na majembe, hata baada ya miaka michache wakawa wanajilisha wenyewe na kuuza mahindi na tumbaku. Mwaka 1980 ilitangaza uraia kwa maelfu ya Wanyarwanda, na mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa medali ya Nansen kwa hisani hiyo.

Walakini ukarimu ule ulikuwa desturi zaidi kuliko sheria. Sheria ya wakimbizi iliyotungwa katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa, hata kwa jina lake, sheria ya kuwadhibiti: iliipa serikali mamlaka makubwa ya kumweka mkimbizi mahali na ya kumrudisha alikotoka, na haki za mgeni hazikuwa shabaha yake. Haikuuma kwa sababu wenye meno hawakutaka kuuma. Aghalabu husikia watu wakiutaja wakati ule kama kwamba mlango ulikuwa hauna komeo. Komeo lilikuwapo, ila halikuwahi kusukumwa.

Lilikuwapo pia jambo la pili, lililo katika mikataba yenyewe. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, katika mkataba wake wa mwaka 1969, uliupanua mlango kuliko mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, ukasema kwamba ni mkimbizi pia yule aliyefukuzwa na vita au na machafuko makubwa katika nchi yake, wala si lazima athibitishe kwamba anawindwa yeye binafsi. Na kwa kauli hiyo kaumu nzima yaweza kupokewa kwa siku moja, bila kuulizwa majina. Lakini mkataba huohuo, kama ule wa kwanza, unamnyima hifadhi mtu ambaye kuna sababu nzito za kudhani kwamba ametenda jinai za kivita au jinai dhidi ya ubinadamu. Kwa mkono mmoja, basi, sheria inapokea kwa jumla. Kwa mkono wa pili inataka kukataa kwa mmoja mmoja. Na kati ya mikono hiyo miwili kuna kazi ya kuchuja, ambayo mikataba haikusema nani ataifanya, kwa fedha za nani, na kwa askari wangapi.

Matokeo yake yalionekana katika kambi ya Benaco, huko Ngara, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Kambi ilipangwa kwa wilaya walizotoka watu, na chakula kikagawiwa kupitia wakuu wao walewale, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya haraka. Hivyo mtu aliyekuwa burugumesta, yaani mkuu wa wilaya, kwao akawa burugumesta tena kambini, safari hii akiwa na daftari la mahindi na maharage mkononi. Mwezi wa Juni 1994 wafanyakazi wa misaada walijaribu kumwondoa mmoja wao, Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa Murambi, ambaye tuhuma zake zilikwisha enea. Maelfu ya watu wakawazingira, wengine na mapanga, na shauri likaachwa. Hapo ndipo watu wa misaada wenyewe walipogawanyika. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua mwisho wa mwaka kujitoa, likisema kwamba chakula na dawa vinawanenepesha wauaji, ilhali matawi mengine ya shirika hilohilo yalibaki kwa muda, yakijibu kwamba mtoto mwenye kuhara hawezi kungoja mpaka jirani yake ahukumiwe. Nimezisoma hoja za pande zote mbili mara nyingi, na ningali sijui ni ipi ningeishika lau ningekuwa pale na sindano mkononi.

Mintarafu ya wenyeji, hao hawakuwa na neno moja, na anayesema kwamba watu wa Ngara waliwachukia wakimbizi, au kwamba waliwapenda, hakuwauliza watu wawili. Kijana aliyesoma alipata kazi ya udereva au ya ukarani kwa mshahara ambao mwalimu wa wilaya hakuuota. Mwenye shamba kubwa la migomba alipata vibarua walioridhika kulipwa ndizi, na akapanua shamba. Mwenye duka alinunua kwa bei rahisi unga na mafuta ya msaada yaliyotoka kambini, akauza kwa faida. Lakini kikongwe aliyekuwa akiokota kuni nyuma ya nyumba yake sasa alizifuata vilima viwili mbele, kwa kuwa wakimbizi walikwisha kuwazidi wenyeji kwa hesabu na miti haikuwahi kuota kwa kasi yao; mwenye ng'ombe alilala macho; na maskini asiye na shamba la ziada alimkuta mkimbizi amekwisha chukua kibarua chake kwa nusu ya ujira. Kwa hiyo mjadala juu ya mlango wa taifa ulikuwa pia, ndani ya kijiji kimoja na pengine ndani ya nyumba moja, mjadala wa mwenye kupata na mwenye kukosa. Na hao wa kukosa ndio waliokuwa na kura nyingi.

Nao wakati wa kura ulikuwa karibu. Vyama vingi vilikwisha ruhusiwa tangu mwaka 1992, magazeti binafsi yaliongezeka, na uchaguzi ulitazamiwa Oktoba 1995. Tarehe 31 Machi ya mwaka huo, makumi ya maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia Burundi walipoanza safari ya kuja Tanzania, serikali iliufunga mpaka. Watetezi wa hatua hiyo walisema kwamba nchi maskini imeachiwa mzigo wa dunia nzima, na kwamba kambi zimekuwa maficho ya watu wenye silaha wanaoweza kuivuta Rwanda mpya ivuke mto kwa vita. Wapinzani walisema kwamba aliyefungiwa mlango si mwenye silaha, kwani huyo huvuka porini usiku, bali ni mama mwenye mtoto anayepita barabarani mchana. Kauli zote mbili zilikuwa za kweli.

Neno la mwisho lilitoka Desemba 1996, baada ya kambi za Wanyarwanda zilizokuwa Zaire kuvunjwa kwa vita na wakimbizi wa huko kurudi kwao kwa mamia ya maelfu. Serikali, chini ya rais mpya, Benjamin Mkapa, pamoja na Shirika la Wakimbizi lenyewe, walitoa tangazo kwamba Wanyarwanda wote walioko Tanzania watazamiwe kuwa wamerudi kwao kufikia tarehe 31 ya mwezi huo. Tarehe 12 wakimbizi walizihama kambi, lakini walielekea mashariki, ndani zaidi ya Tanzania. Jeshi likawakinga njiani, likawageuza, na kwa majuma yaliyobaki watu wapatao 480,000 walivuka daraja la Rusumo kurudi walikotoka. Amnesty International na wengineo walilalamika kwamba hiari haikuwapo, na kwamba kila mmoja alikuwa na haki ya kusikilizwa kabla ya kurudishwa. Malalamiko hayo ni ya haki, na kwa rai yangu hayajapata jibu mpaka leo. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba waliorudishwa kwa jumla ndio walewale waliopokewa kwa jumla, na kwamba katika miaka miwili na nusu iliyokuwa katikati, ulimwengu ulileta mahema, mahindi na waandishi wa habari, wala haukuleta mahakimu wa kutosha wala askari wa kuwalinda hao mahakimu. Asiyechujwa alipoingia hakuchujwa alipotoka.

Sheria mpya ya wakimbizi ilipitishwa mwaka 1998, na ndani yake ikawekwa kamati ya taifa ya kupima madai ya mtu mmoja mmoja. Wakati huohuo kambi zilizobaki, nyingi za Warundi, zikabanwa zaidi, hata mkimbizi hakutakiwa kutoka zaidi ya kilomita 4 bila ya kibali, na habari za jembe hazikutajwa tena. Mwanazuoni wa sheria wa Dar es Salaam, Bonaventure Rutinwa, aliuliza mwaka 1999, katika anwani ya makala yake, kama huu ndio mwisho wa hifadhi. Hata hivyo, baadaye Warundi wa mwaka 1972, wale wa Katumba na Mishamo na Ulyankulu, wapatao 162,000, walipewa uraia, jambo ambalo mataifa mengi tajiri kuliko letu hayajalifanya kwa hesabu hiyo.

Ama Gatete, alikamatwa Kongo-Brazzaville mwaka 2002, akaletwa Arusha, katika nchi ileile aliyoikimbilia, mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa miezi mitano baada ya fujo za Benaco. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2011, na katika rufaa ya mwaka uliofuata kikapunguzwa kuwa cha miaka 40. Mahakama hiyo iliwashitaki watu 93 kwa jumla, na ilifungwa mwisho wa mwaka 2015. Miezi mitatu baadaye, tarehe 6 Aprili 2016, marais John Magufuli na Paul Kagame walifungua daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo dereva wa lori huonyesha hati zake mara moja tu, shehena yake ikakaguliwa, akapita.