Mashine kuukuu za vyuma: Mnunuzi achunguze kitanda kwanza, si rangi

FUNDI wa vyuma anayetaka kujitegemea hufikia wakati ambapo nyundo, tupa na jiliwa havimtoshi tena. Kutengeneza mhimili wa kinu cha unga, puli ya mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe au bushi ya gari huhitaji mashine ya kukereza vyuma, ambayo mafundi wengi huiita lethi.

Mashine mpya ya aina hiyo, iliyo imara, haiwezi kununuliwa kwa akiba ya karakana nyingi ndogo. Ndiposa wengi huelekea kwenye yadi za mashine kuukuu, ambamo mitambo ya kila aina imerundikwa pamoja na mota zilizoungua, mabomba na vyuma chakavu.

Katika marundo hayo hupatikana mashine zinazoweza kumlisha fundi na watoto wake kwa miaka mingi. Humo humo pia mna mashine zilizochakaa kiasi cha kutofaa kwa lolote ila kupimwa kwa kilo na kuyeyushwa. Kwa nje, aina hizo mbili zaweza kufanana kabisa.

Anayenunua kwa mkopo au kwa fedha za chama hana nafasi ya kubahatisha. Jambo la msingi ni kutenganisha kasoro zinazoweza kurekebishwa na zile zisizorekebishika katika karakana ya kawaida.

Zinakotoka

Mashine nyingi za yadi hutoka katika viwanda vilivyofungwa au vilivyobadilisha mitambo. Viwanda vilipoanza kutumia mashine zinazoongozwa na kompyuta, zile za kuendeshwa kwa mkono ziliuzwa, nyingi zikiwa bado na nguvu.

Nyingine hutoka katika vyuo vya ufundi na mashirika ya umma. Humu nchini, sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 inaruhusu mali isiyohitajika kuuzwa kwa zabuni au kwa mnada. Mashine za vyuo huwa na sifa ya kipekee: aghalabu hazikufanya kazi nyingi, lakini zilishikwa na wanafunzi wasio na uzoefu, hivyo huwa na alama za kugongwa.

Majina yanayokumbukwa na mafundi wa zamani ni kama vile Colchester, Harrison na Myford za Uingereza, pamoja na HMT, kampuni iliyoanzishwa na serikali ya India mwaka 1953. Bridgeport ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1938, ni mashine ya kuchonga chuma kwa kisu cha meno kinachozunguka huku meza ikisogezwa chini yake.

Mashine hizi hupendwa kwa kuwa zimeundwa kwa chuma kizito cha kalibu ambacho humeza mtetemo, na kwa kuwa sehemu zake nyingi zaweza kutengenezwa na fundi mwingine mwenye mashine kama hiyo.

Manufaa yake yalidhihirika katika mji wa Kumasi nchini Ghana. Kituo cha teknolojia cha chuo kikuu cha huko, kilichoanzishwa mwaka 1972, kiliwasaidia mafundi wa mtaa wa Suame Magazine kupata mashine kuukuu kutoka Uingereza. Watu waliokuwa wakikarabati magari tu wakaanza kutengeneza vipuri na mitambo.

Kitanda cha mashine

Kitanda ni zile reli ndefu ambazo juu yake kigari kinachobeba kisu huteleza. Usahihi wote wa lethi hutegemea reli hizo. Mota hubadilishwa, mkanda hununuliwa na beringi hupatikana madukani, lakini kitanda kilicholika hakina dawa ya bei nafuu. Kukisawazisha upya huhitaji mtambo mkubwa wa kusugua au mkono wa mtaalamu, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya mashine nzima.

Kwa kuwa kazi nyingi hufanyiwa karibu na kichwa cha mashine, reli hulika zaidi upande huo. Hilo humpa mnunuzi kipimo rahisi kisichohitaji umeme. Kigari husogezwa hadi karibu na kichwa, kisha skrubu zake hukazwa hadi kianze kuwa kizito kidogo. Baada ya hapo husukumwa kuelekea mkiani.

Kigari kikiteleza kwa uzito ule ule hadi mwisho, kitanda ni kizima. Kikikwama njiani, maana yake ni kuwa reli zimelika karibu na kichwa na bado ni nene mkiani. Kanuni iyo hiyo hutumika kwa meza ya Bridgeport, ila huko skrubu hukazwa meza ikiwa katikati, kisha husukumwa kuelekea ncha zake.

Iwapo yadi ina umeme, kipimo cha uhakika ni kukereza. Kipande cha chuma hubanwa upande mmoja tu, kikakerezwa kwa urefu wa sentimita 10 hivi, kisha unene wa ncha zote mbili ukalinganishwa kwa maikromita. Tofauti ikiwa kubwa, kitanda kimelika, kimepinda au kichwa hakikukaa sawa.

Kichwa, parafujo na gia

Mhimili wa kichwani huchunguzwa kwa kubana chuma kirefu na kukiinua kwa kipande cha mbao huku saa ya kupimia ikiwa imeguswa juu yake. Mchezo ukiwa mkubwa au mngurumo ukisikika unapozungushwa, beringi zimekwisha. Hiyo ni kasoro ya kupunguziwa bei, wala si lazima iwe sababu ya kukataa.

Parafujo ndefu inayokiendesha kigari wakati wa kukata hesi hukaguliwa kwa macho. Meno yake karibu na kichwa yakiwa yamekonda kuliko ya mkiani, hesi zitakazokatwa hazitakuwa sawa. Mkono wa kuendesha kisu nao ukizunguka kiasi kidogo kabla ya kisu kusogea, hilo ni jambo la kawaida kwa mashine ya zamani, na nati yake hubadilishwa.

Aidha, mnunuzi ajue kama mashine ni ya inchi au ya milimita. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na gia yenye meno 127 ndiyo inayoiwezesha mashine ya inchi kukata hesi za milimita pasipo kosa. Lethi iliyopoteza gia zake za kubadilisha ni sawa na kufuli lisilo na ufunguo.

Vivyo hivyo kwa vishikio vya taya tatu na taya nne, bamba la uso, vishikizo vya chuma kirefu na mkia wenyewe. Vifaa hivi vikinunuliwa kimoja kimoja baadaye, vinaweza kugharimu pesa zinazokaribia bei ya mashine.

Rangi na nyufa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mashine iliyopakwa rangi juzi ichunguzwe kwa makini zaidi kuliko ile yenye grisi na vumbi. Rangi yaweza kuficha ufa au mahali palipochomelewa, na chuma cha kalibu ni kigumu kukichomelea kikadumu.

Kutu ya juu juu isimtishe mnunuzi, kwani huondolewa kwa mafuta na msasa laini. Kutu iliyotoboa vishimo kwenye reli ndiyo mbaya. Meno ya gia yatazamwe yote, moja baada ya jingine, kwa kuuzungusha mhimili polepole kwa mkono.

Umeme

Mashine nyingi zilizotoka viwandani huhitaji umeme wa fezi tatu, ambao nchini Kenya ni wa voliti 415. Karakana nyingi ndogo zina umeme wa fezi moja wa voliti 240. Pengo hilo huzibwa kwa inveta, lakini inveta za aina hii kwa kawaida hutoa fezi tatu za voliti 240. Kwa hivyo kibandiko cha mota kisomwe kwanza: kikiwa na maandishi 240/415, mota yaweza kuunganishwa upya ikafanya kazi. Kikiwa na 415 pekee, huenda ikabidi mota ibadilishwe.

Mashine za Marekani huwa na tatizo jingine. Mota zake ziliundwa kwa umeme wa hezi 60, ilhali wa humu nchini ni wa hezi 50. Mota kama hiyo hupoteza sehemu moja kati ya sita ya kasi yake, na voliti zisipolinganishwa, huweza kuungua.

Stakabadhi na usafirishaji

Biashara ya vyuma chakavu inasimamiwa na sheria ya mwaka 2015 inayowataka wafanyabiashara wawe na leseni. Mnamo Januari 2022 biashara hiyo ilipigwa marufuku kufuatia uharibifu wa nguzo za umeme, na marufuku ikaondolewa Mei mwaka huo. Mnunuzi adai risiti yenye namba ya mashine, ambayo watengenezaji wengi huigonga kwenye kitanda chenyewe. Namba iliyokwanguliwa ni onyo.

Lethi nyingi za karakana huzidi nusu tani, na Bridgeport hukaribia tani moja. Uzito mwingi wa lethi uko upande wa kichwa, hivyo kabla ya kuinuliwa kigari husogezwa mkiani na kufungwa ili kusaidia kusawazisha mzigo. Kamba isipitishwe kamwe kwenye parafujo ndefu, kwa kuwa ikipinda, mashine haitakata hesi tena. Gharama ya kreni na lori ihesabiwe kabla ya kukubaliana bei.

Mashine ikishafika, iwekwe juu ya sakafu imara na kitanda kisawazishwe kwa pima maji ya usahihi mkubwa, kwani ile ya waashi haitoshi. Kitanda kilichosokotwa na sakafu mbovu hukereza vibaya hata kama reli zake ni nzima.

Anayekwenda yadini akiwa na tochi, kitambaa, maikromita na bisibisi ya kukazia kigari anaweza kujua mengi kwa muda wa nusu saa. Akikuta kitanda kimelika, ni heri aondoke hata bei ikishushwa mara tatu. Akikuta kitanda kizima chini ya vumbi na mota iliyoungua, hapo ndipo pa kuanza kuzungumzia bei.